Wasomaji Wanauliza: Maabara, Shamba, Soko na Sauti za Wazee

Mwezi huu barua nyingi kutoka Bukavu na vijiji vinavyoizunguka zimehusu utafiti wa vyuo vikuu. Wapo wanaotaka kujua upi ni utafiti wa kweli, wapo waliokwama katikati ya TFC (kazi ya utafiti ya kumalizia masomo ya chuo), na wapo waliosikia jambo wakataka lifafanuliwe. Barua tumezifupisha. Kila moja imejibiwa na mtu wa fani inayohusika.

SWALI: Binti yangu amefaulu mtihani wa Serikali na anataka kusoma historia chuo kikuu. Wajomba zake wanasema utafiti ni wa watu wa maabara, historia ni masimulizi tu. Mwanahistoria anatafiti nini hasa? — Mzazi, Ibanda

JIBU: Baba, wakumbushe wajomba juu ya Lwiro, hapo Kabare. Mwaka 1947 iliundwa IRSAC, taasisi ya utafiti ambayo makao yake makuu yalijengwa Lwiro na ambayo leo twaijua kwa jina la CRSN. Humo walikuwamo watu wa matetemeko ya ardhi, wa wanyama na wa lishe, na pia wa lugha, mila na historia. Jan Vansina, Mbelgiji, aliingia Kongo mwaka 1952 akiwa mtafiti wa taasisi hiyo, akaenda kukaa na Wakuba huko Kasai. Wasomi wengi wa Ulaya siku zile walishikilia kwamba pasipo maandishi hapana historia. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1961, Vansina alionyesha kwamba simulizi la mdomo linapimika kama hati inavyopimika.

Linapimwaje? Kwanza huulizwa lilivyopokewa: mzee huyu alisikia kwa nani, na huyo naye kwa nani, na je, yupo aliyeshuhudia kwa macho yake? Wazee watatu wa ukoo mmoja wakikupa maneno yale yale, usiandike mashahidi watatu. Kama wote walifundishwa na babu mmoja, shahidi ni mmoja. Kisha huulizwa faida: nani anapata shamba, kiti au heshima jambo likisimuliwa hivyo? Simulizi linalomwaibisha msimuliaji mwenyewe, na ambalo ukoo hasimu nao unalikubali, lina uzito kuliko kumi ya kujisifu.

Halafu kuna tarehe. Wazee wetu hawakuandika miaka, walihesabu kwa tawala za bami (wafalme), kwa njaa, kwa jua kupatwa. Siku ya kupatwa kwa jua inaweza kukokotolewa na mtu wa elimu ya nyota, pamoja na njia ambayo giza lilipita, hata kama ni miaka 300 iliyopita. Hapo mwanahistoria hubisha mlango wa mwanahesabu. Kosa linalorudiwa sana ni kuchukua orodha ya watawala na kumpa kila mmoja miaka 25 au 30 kwa kukisia. Ndugu wawili waliopokezana kiti huhesabiwa kuwa baba na mwana, na historia inarefuka kwa kizazi kizima ambacho hakikuwapo.

Mwanakemia hurudia jaribio lake. Vita haviwezi kurudiwa, kwa hiyo mwanahistoria analazimika kuacha njia wazi nyuma yake: kanda hii, hati hii, ukurasa huu, ili mwingine aende akamkague. Binti akiishika kazi hiyo sawasawa, na akijua vizuri Kifaransa, Kiswahili na Mashi, hatakosa la kutafiti Kivu ya Kusini. Wazee wanaoikumbuka miaka ya 1960 wanapungua kila mwaka, na hilo linatuuma.

SWALI: Mwalimu wetu anasema hesabu zilianzia Kongo, kwenye mfupa wa Ishango. Ni kweli? — Mwanafunzi wa sekondari, Bagira

JIBU: Mfupa upo, chale zipo, na zimehesabiwa. Kinachobishaniwa ni maana yake.

Ishango iko Kivu ya Kaskazini, ndani ya Hifadhi ya Virunga, pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mwaka 1950 mwanajiolojia Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo akakuta mfupa wa urefu wa karibu sentimita 10, wenye kipande cha jiwe la kwazi (quartz) kilichopachikwa nchani. Leo umehifadhiwa Brussels. Chale zake zimepangwa katika safu tatu, na kila safu ina mafungu. Safu moja ina 11, 13, 17, 19. Nyingine ina 11, 21, 19, 9. Ya tatu ina 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Jumlisha mwenyewe utapata 60, 60 na 48.

Mwanahesabu akiitazama safu ya kwanza huona namba tasa (zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe) zote zilizo kati ya 10 na 20. Katika ya pili huona 10 na 20, kila moja ikiongezwa 1 na kupunguzwa 1. Katika ya tatu huona kuzidisha na kugawanya kwa mbili: 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5. Inavutia mno. Lakini mtu asiyefahamu kugawanya hawezi kuzitambua namba tasa, na mafungu manne ni machache kuthibitisha kwamba mchongaji alizikusudia. Alexander Marshack, Mmarekani, aliuchunguza mfupa huo kwa hadubini akapendekeza kwamba ni kalenda ya mwezi. Miandamo miwili ni siku 59, karibu kabisa na 60. Ila 48 inapita mwezi mmoja na nusu kwa siku kama nne, na hapo kalenda inayumba. Wapo pia wanaoona kwamba chale zilisaidia tu mkono usiteleze.

Umri wake nao ulibishaniwa. De Heinzelin alidhani mfupa haujafika miaka 10,000. Makombe ya konokono yaliyopatikana hapo, yalipopimwa kwa kaboni, yalitoa umri mkubwa zaidi, lakini hayakuaminiwa. Sababu ni kwamba konokono hujenga kombe kwa kaboni iliyomo majini, na maji ya ziwa lililo katika nchi ya volkano huweza kubeba kaboni kongwe kutoka ardhini, kombe likaonekana la zamani kuliko lilivyo. Uchimbaji uliorudiwa Ishango miaka ya 1980, pamoja na vipimo vya aina nyingine, ndio uliousogeza umri hadi karibu miaka 20,000. Mwanahesabu anayeusoma mfupa huu anamtegemea mwanajiolojia kwa kila neno analosema juu ya nani alikuwa wa kwanza.

Basi mwalimu wako ana haki ya kusema kwamba miaka kama 20,000 iliyopita watu wa Ishango walichonga chale kwa mafungu, na pengine walikuwa wakihesabu kitu. Kusema hesabu zilianzia hapo ni kupita ushahidi, kwa sababu katika pango la Border, karibu na mpaka wa Afrika Kusini na Eswatini, umepatikana mfupa wenye chale 29 ulio wa zamani zaidi. Kinachohitajika ni mifupa mingi yenye mpangilio ule ule. Kwa mfupa mmoja huwezi kutenganisha kusudi na bahati.

SWALI: TFC yangu inahusu mikopo ya akina mama wauzaji wa soko la Kadutu. Niliandika kwamba nitahoji watu 100. Msimamizi ameandika pembeni: «Kwa nini 100?» Nimjibu nini? — Mwanafunzi, Kadutu

JIBU: Mdogo wetu, msimamizi amekuuliza swali zuri, na jibu linategemea unataka kusema nini mwishoni mwa kazi.

Ikiwa unataka kuandika «asilimia fulani ya wauzaji wamo katika likelemba» (mchango wa kupokezana kwa zamu), unahitaji hesabu. Anza kwa kuhesabu meza zote mwenyewe, siku ya soko na siku ya kawaida. Tuseme umepata 1,200. Kwa uhakika wa asilimia 95 na kosa lisilozidi pointi 5 juu au chini, chukua 1.96 × 1.96 × 0.5 × 0.5, ugawe kwa 0.05 × 0.05. Unapata 384. Hiyo 0.5 ni tahadhari: hujui bado ni wangapi wana mkopo, kwa hiyo unachukua hali inayodai watu wengi zaidi. Kwa kuwa soko lina meza 1,200 tu, rekebisha: 384 ÷ (1 + 383 ÷ 1,200), yaani karibu 291. Ongeza watakaokataa. Ukitarajia mmoja kati ya kumi, 291 ÷ 0.9 ni karibu 324.

Ukibaki na 100, kosa lako ni karibu pointi 10 kila upande. Ukiandika «asilimia 40 wana mkopo», ukweli unaweza kuwa popote kati ya 30 na 50. Kama hiyo inatosha kwa swali lako, mwandikie msimamizi hivyo hivyo, pamoja na hesabu. Huenda akakubali. Kujibu kwamba «mwaka jana fulani naye alitumia 100» hakutakubaliwa, na ni sawa kusikubaliwe. Ujue pia kwamba kupunguza kosa kwa nusu kunadai watu mara nne, si mara mbili.

Sasa kuchagua. Pitia safu za soko kwa utaratibu mmoja, piga kura kati ya 1, 2 na 3 upate meza ya kuanzia, kisha chukua kila ya tatu. Utapata 400, na hapo wanaokataa hawakuumizi. Kila ya nne ingekupa 300, hazitoshi kufidia. Muuzaji asipokuwapo rudi siku nyingine, usiruke kwenda kwa jirani yake. Anayekosekana mezani mara nyingi ndiye aliyekwenda kutafuta pesa ya kulipa deni, na ndiye unayemtafuta. Wale wanaouza chini bila meza na wanaotembea na mabeseni hawamo katika hesabu yako: ama wahesabu kivyao, ama uandike wazi kwamba matokeo ni ya wenye meza tu.

Yanayoharibu kazi hii tumeyaona katika karatasi nyingi. Mwulizaji anasimama kwenye mlango wa soko na kuwapata wenye meza kubwa tu. Anauliza deni mbele ya majirani, au mbele ya mtu anayedai. Hajajieleza vizuri, basi anayemdhania mtoza kodi anajibu kwamba hana kitu, na anayemdhania mtu wa shirika la msaada anajibu kwamba ana shida zote. Au swali moja linabeba mawili: «Je, mkopo ulikusaidia na unalipa vizuri?» Mtu akijibu ndiyo, ni ndiyo ya lipi? Jaribu dodoso kwa watu 10 wa soko lingine, Nyawera kwa mfano, ulirekebishe, ndipo uende Kadutu.

Ikiwa lengo lako ni kuelewa kwa nini mama anachagua likelemba badala ya benki, achana na hesabu hizo zote. Fanya mahojiano marefu, ukae, usikilize. Kipimo hapa ni kufika mahali ambapo mahojiano mapya hayaleti wazo jipya. Mwaka 2006 Guest, Bunce na Johnson walirudia kuchambua mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba karibu mawazo yote makuu yalikwisha kujitokeza katika 12 ya kwanza. Usiishike 12 kama sheria. Wanawake wale walifanana hali, na swali lilikuwa jembamba. Ukichanganya wauza samaki wa sambaza, wauza vitenge na wauzaji wa jumla, kila kundi linataka mahojiano yake. Na ukishahoji watu 15 kwa njia hii usiandike asilimia hata moja.

SWALI: Chama chetu cha wakulima kilipeleka udongo wa shamba moja katika maabara mbili. Moja imesema pH (kipimo cha asidi) ni 5.4, nyingine 4.6. Ipi inadanganya? — Mkulima, Walungu

JIBU: Pengine hakuna. Ulizeni kwanza walipima kwa maji au kwa myeyusho wa chumvi ya potasiamu, unaoandikwa KCl. Udongo wenye asidi ukipimwa kwa KCl husoma chini, mara nyingi kwa nusu pointi hadi pointi nzima. Tofauti yenu ya 0.8 inaingia humo bila taabu. Hali ni ile ile kwa fosforasi: njia ya Olsen na njia ya Bray hazitoi namba moja, na kuzilinganisha ni kupoteza muda. Karatasi ya majibu isiyotaja njia irudisheni waiandike.

Kama njia ni moja, basi angalieni mlivyochukua udongo. Kwa hekta moja tembea kwa kupinda kulia na kushoto, uchukue sehemu 15 hadi 20. Ondoa majani ya juu, chimba hadi sentimita 20, chukua kipande chenye unene sawa toka juu hadi chini. Epuka njia, kichuguu, mahali palipochomwa takataka, migomba ya karibu na nyumba, kwa kuwa majivu na samadi hupandisha pH. Tumieni ndoo ya plastiki. Ya bati huacha zinki. Changanya, vunja mabonge, tandaza, gawa mara nne, tupa robo mbili zinazotazamana, rudia mpaka ibaki karibu nusu kilo. Anikeni kivulini juu ya karatasi safi, kamwe si jikoni wala juani. Lebo iandikwe kwa penseli, wino ukilowa hufutika. Shamba likiwa na mteremko, juu na bondeni ni sampuli mbili tofauti.

pH ya maji ikiwa chini ya 5.5, aluminiamu huanza kuyeyuka na kuumiza mizizi ya maharagwe: inakuwa mifupi na minene, haifiki kwenye maji. Hapo chokaa ya kilimo inafaa kujaribiwa, lakini ijaribiwe kwa mpango. Tengenezeni vitalu vinne, kila kitalu kikifuata usawa wa mlima, kwa sababu udongo wa bondeni si sawa na wa juu mlimani. Ndani ya kila kitalu weka viploti vya mita 4 kwa 5, kimoja kwa kila kiwango cha chokaa na kimoja kisichotiwa kitu, vyote vipangwe kwa kura. Wakati wa kuvuna acheni mstari wa pembeni kila upande, pimeni mbegu zikiwa kavu. Majaribio mengi ya vijijini hufa kwa sababu moja: kiploti chenye dawa kiliwekwa bondeni, na dawa ikapewa sifa ya bonde.

SWALI: Nataka kurekodi migani (methali) na nyimbo za Mashi kutoka kwa bibi yangu kabla hajachoka. Simu inatosha? — Mwalimu wa shule ya msingi, Nyangezi

JIBU: Inatosha, Mwalimu, na anza juma hili. Tumia programu inayohifadhi sauti katika umbo la WAV. Kwa kipimo cha kawaida cha 44.1 kHz na biti 16, kwa njia moja ya sauti, saa moja inakula karibu megabaiti 320, basi futa nafasi kwanza. Zima mtandao ili simu isilie katikati. Iweke sentimita 20 hadi 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, isiwe juu ya meza tupu. Nyumba ya mabati mvua ikinyesha haifai kabisa. Rekodi dakika moja, sikiliza kwa spika za masikioni, ndipo uendelee.

Mwanzoni sema kwa sauti tarehe, mahali na jina la bibi, kisha umwombe mwenyewe aseme kama anakubali, na kama wengine wanaweza kusikiliza. Kuna nyimbo za msiba na za ndani ya ukoo ambazo atakupa wewe tu. Heshimu hilo na uliandike. Usimkatize kwa «eeh» na «ndiyo» nyingi, itikia kwa kichwa. Akimaliza muulize: mgani huu husemwa lini, na nani kwa nani? Mgani usio na mazingira yake ni nusu.

Faili usiitume kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, hubanwa ikapoteza sauti nyembamba. Itume kama hati. Weka nakala tatu, moja nje ya nyumba yako.

Kuandika yaliyorekodiwa ndiko kunakochosha: saa moja ya sauti hudai saa tano au zaidi, na Mashi inazidi kwa sababu toni hubadili maana. Mkae wawili, mmoja asikilize na kurudia polepole, mwingine aandike. Umuhimu wa sikio ulionekana wazi Lubumbashi. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha mji huo historia ya Elisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) kwa macho ya watumishi wa nyumbani. Aliandika kama alivyosikia, maneno yakiungana na kukatika mahali pasipotarajiwa. Johannes Fabian, aliyeitoa pamoja na tafsiri mwaka 1990, alimhitaji Kalundi Mango, mzawa wa lugha, aisome kwa sauti mpaka sentensi zikajitokeza. Mtaalamu wa lugha aliyesoma vitabu vyote asingelifanya hilo peke yake mezani.

SWALI: Wakati wa Ebola ya Beni na Butembo tulisikia wagonjwa walipewa dawa kwa kura. Huko si kuwachezea watu? — Muuguzi, Panzi

JIBU: Mama, swali lako ni la haki. Mlipuko ule ulidumu toka Agosti 2018 hadi Juni 2020, wagonjwa 3,470, waliokufa 2,287. Jaribio lilianza Novemba 2018, likiongozwa na INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe pamoja na washirika wake. Dawa zilikuwa nne, na hakuna aliyepewa kidonge kitupu. Kila aliyeingia alipata mojawapo, pamoja na huduma zote nyingine.

Kwa nini kura? Kwa sababu hakuna aliyejua ipi ni bora. Daktari akichagua mwenyewe, moyo wake utampeleka kumpa dawa anayoiamini yule aliye hoi, na dawa hiyo itaonekana mbaya kwa kuwa ilipewa walio hoi. Au kinyume chake. Kura huwagawa walio hoi, vijana, wajawazito na waliochelewa kwa usawa katika makundi yote, pamoja na tofauti ambazo hakuna aliyezifikiria. Kamati huru iliangalia namba kazi ikiendelea. Agosti 2019, wagonjwa 681 wakiwa wameingia, ilisimamisha mgawanyo: waliopewa ZMapp walikufa karibu 50 kati ya 100, waliopewa remdesivir 53, waliopewa mAb114 35, na REGN-EB3 34. Toka siku hiyo wagonjwa walipewa hizi mbili za mwisho. Dawa ya mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995.

Sharti ni ridhaa. Mgonjwa au ndugu yake aelezwe kwa lugha anayoielewa, na akikataa atibiwe vilevile. Mahali ambapo ridhaa ni saini tu kwenye karatasi ya Kifaransa, kilio chako kina msingi.

Dawa haikutosha, hata hivyo. Watu walikuwa wakifika wamechelewa, na aliyechelewa alikufa zaidi kwa dawa yoyote. Kwa nini wanachelewa ni swali la watu wa elimu ya jamii. Walikaa na familia, wakasikia hofu ya mtu kuingia kituoni asionekane tena hadi kaburini, na hasira ya kuona fedha zinakuja kwa Ebola huku mauaji yakiendelea. Vyumba vya plastiki angavu, ambamo familia ilimwona mgonjwa na kuongea naye, vilijibu hofu hiyo ya kwanza. Ile ya pili haikuwa na jibu la hospitali.

SWALI: Gorila wa Kahuzi-Biega wanahesabiwaje bila kuwaona? — Kijana, Miti

JIBU: Kwa vitanda vyao. Kila jioni gorila, ngagi kama wengi tunavyowaita, hutengeneza kiota kipya cha kulalia, na mtoto mchanga hulala cha mama yake. Wahesabuji hufuata njia ya kundi, wakahesabu viota vya usiku mmoja. Asubuhi huwa na mavi ndani, na unene wake huonyesha umri: ya dume mzima ni makubwa kuliko ya jike, na madogo sana ni ya mtoto. Nywele nyeupe kiotani ni za dume mwenye mgongo wa fedha. Viota vya usiku mmoja havitoshi, linganisheni vya siku mbili au tatu mfululizo, maana kiota hujificha. Kosa kubwa ni kuhesabu viota vikuukuu au vya sokwe-mtu, ambao hulala juu ya miti. Siku hizi mavi mabichi hupelekwa maabara kusoma DNA, na hapo kundi moja halihesabiwi mara mbili.

SWALI: Mimi ni msaidizi chuo kikuu. Nimepata barua pepe: makala yangu itatoka katika jarida la kimataifa ndani ya siku tatu nikilipa dola 150. Nilipe? — Msaidizi, Bukavu

JIBU: Usilipe. Siku tatu hazitoshi kwa mtu yeyote kuisoma makala kwa makini. Ukaguzi wa wataalamu huchukua majuma au miezi. Tafuta jarida katika DOAJ, orodha ya majarida ya kweli yanayosomwa bure mtandaoni. Kagua ISSN (namba ya utambulisho wa jarida) kama kweli ni yake, kwa sababu wapo wanaoiba ya jarida lingine. Chagua wahariri watatu, nenda kwenye kurasa za vyuo vyao uone kama wao wenyewe wanalitaja. Jina lenye «kimataifa» na mada kuanzia upasuaji hadi ushairi ni dalili mbaya. Majarida mengi ya kweli husamehe ada kwa waandishi wa Kongo, ila omba kabla ya kutuma. Kwa kusoma, chuo chako kikijiandikisha Research4Life (mpango wa kuzifungulia nchi maskini majarida ya sayansi) kinapata maelfu ya majarida bila malipo. Muulize mkuu wa maktaba, na asipojua, msaidie kujaza fomu.

Kama makala ulishaituma, waandikie leo kwamba unaiondoa, uhifadhi nakala ya barua hiyo, na usisaini hati yoyote ya haki za mwandishi. Usiitume makala hiyo hiyo kwa jarida la pili kabla ya la kwanza kukujibu au kabla hujapata ushauri wa idara yako.